Kiu Isiyozimwa na Soda

Kuna kiu, na kuna kiu. Ile ya kutoka shambani jua likiwaka, ukateka kikombe cha maji, ukanywa, ukasema ahaa, hiyo haina neno. Ninayotaka kukusimulia ni nyingine. Unakunywa, na kabla hujaweka chupa chini, mdomo umeshakauka tena. Nikiikumbuka hata leo, nikiwa mzima, nimekaa chumbani mwangu chuoni, najikuta nimeshika koo.

Naandika kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilitafuta mtu wa rika langu wa kuniambia, "Nilipita hapo, nikatoka." Sikumpata. Basi chukua hii yangu. Mimi si daktari, sitakufundisha kongosho ni nini. Ila neno moja kabla sijaendelea: kuna watoto wanaopata ugonjwa wa sukari bila soda, bila unene, bila lolote walilofanya, na hao sindano ni yao ya maisha. Usisome habari zangu halafu ukamnyooshee mtoto wa jirani kidole. Wangu ni ule mwingine, ule ambao zamani tuliambiwa ni wa wazee.

Jina langu ni Nyaboke. Kwetu ni karibu na Magwagwa, kule Nyamira, na sisi ni watu wanaolima majani chai lakini hawanywi chai. Usicheke. Tata, yaani baba yangu, ni mzee wa kanisa la Kisabato, na ingawa wapo Wasabato wengi wanaokunywa chai yao bila wasiwasi, katika nyumba yetu chai na kahawa havikukanyaga jikoni. Tunachuma, tunapeleka kituoni, wengine huko duniani wanakunywa. Sasa mgeni akija unampa nini? Soda. Tena si ile nyeusi, maana Tata alisema hiyo ni kahawa iliyovaa suti. Ni ya chungwa. Sabato mchana, tukitoka kanisani, kila mtoto alipewa yake. Nilikua nikijua kwamba vitu vya dhambi ni vyeusi na vichungu, na kitu kitamu chenye rangi ya jua hakiwezi kumkosea Mungu.

Halafu nikaenda shule ya bweni. Sitaitaja, kwa sababu yaliyokuwa pale yako katika shule nyingi. Maji ya mfereji yalikuja yanapotaka. Kiangazi cha Januari yalikatika kabisa, na yale ya tangi yalikuwa na rangi ya kutu na harufu usiyoielewa. Lakini kantini ilifunguliwa kila mapumziko, friji inanguruma, soda zimepangwa mpaka mlangoni. Faida yake ilisaidia kununua basi la shule, na sote tulijivunia basi hilo.

Kisha kulikuwa na zawadi. Ukiongoza hesabu, unaitwa mbele kwenye gwaride la Ijumaa, Madam Principal mwenyewe anakukabidhi soda baridi, shule nzima inakupigia makofi ya kilo. Timu ya voliboli ikishinda, kreti. Darasa likiwa safi, kreti. Na mimi hesabu nilizijua, jamani! Nilisoma ili ninywe. Rafiki yangu Moraa, tuliyelala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, alikuwa akinicheka: "Manze Nyaboke, wewe ukipasuliwa, kutatoka gesi tu." Likizo nikirudi nyumbani nimejaa mashavu, majirani wakamwambia mama, "Shule inamlisha vizuri huyo." Mama akafurahi, na mimi nikafurahi.

Kiu ilinianza Kidato cha Tatu, muhula wa kwanza, wakati huo huo wa ukame. Kwanza nilidhani ni joto. Nikanywa soda. Kiu ikazidi. Nikanywa nyingine. Sasa fikiria ujinga wa jambo lenyewe: ninachokunywa ndicho kinachoniwasha, na kadiri ninavyowaka ndivyo ninavyokunywa. Nilianza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi, mpaka mwalimu wa historia akaniuliza kama nimepanga nyumba huko. Ubao ukaanza kufifia. Sketi iliyokuwa ikinibana ikaanza kunizunguka kiunoni, nikaifunga kwa pini, kisha pini mbili. Mashavu yakaenda nisijue yameenda wapi.

Matroni wa bweni akanitazama macho, akavuta kope chini, akatoa hukumu: "Huyu damu imepungua." Akampigia mama simu. Na mama, kama mama yeyote wa kwetu, alijua dawa ya damu. Wewe pia unaijua. Ile soda ya zambarau, unaimimina kwenye maziwa, unakoroga mpaka inakuwa na rangi ya waridi, mgonjwa anakunywa yote. Wanawake waliotoka kujifungua wanapewa, walioumia wanapewa, mtu akitoa damu hospitalini anapewa. Sijui nani alianza. Inafanana na damu, kwa hiyo ni damu.

Mama alikuja siku ya kutembelewa na chupa kadhaa na kibuyu cha maziwa. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya bwalo. Aliniona, akaanza kukoroga. "Kunywa, omwana one," akaniambia. Mwanangu. "Kunywa yote, damu irudi." Nilikunywa yote. Nilikuwa na kiu kiasi kwamba nilifikiri ndiyo dawa hasa, Mungu amemwonyesha. Alinishikia kikombe kwa mikono miwili kama nilivyokuwa mtoto mdogo. Akaniachia nyingine za kunywa jioni na asubuhi.

Kesho yake, kwenye gwaride la asubuhi, miguu ilikataa. Nakumbuka wimbo wa taifa, nakumbuka nikihema kama mtu aliyepanda mlima akikimbia, na sauti ya Moraa ikisema, "Mshikeni, mshikeni!" Mengine nilisimuliwa. Nilipelekwa hospitali ya Kisii kwa lile basi tulilojivunia.

Muuguzi aliyenipokea aliinama akanusa pumzi yangu, iliyonuka kama tunda lililoiva mno, akauliza ni nani amekuja nami. Akanitoboa kidole. Kile kimashine cha kupima kilishindwa hata kutoa nambari, sukari ilikuwa imepita inapoweza kuhesabu. Mama alikuwa ameshafika, anahema, kitambaa cha kichwa kimelegea. "Amekunywa nini tangu jana?" muuguzi akauliza.

"Nimempa ya damu," mama akasema. "Ile ya zambarau na maziwa. Nimempa nyingi."

Muuguzi hakumfokea. Mungu ambariki mwanamke yule. Alimshika bega akamwambia, "Mama, damu anayo. Ni sukari. Ngoja nimshughulikie, tutaongea."

Niliwekewa maji kwenye mshipa, na dawa. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mshangao wangu ulipoanza na haujaisha. Asubuhi moja niliamka nikalala tu nikitazama dari. Nikajiuliza ni nini kimebadilika. Kuna kitu hakipo. Nikameza mate. Mate! Nilikuwa na mate mdomoni. Kiu ilikuwa imeondoka. Nililia peke yangu chini ya blanketi la hospitali, si kwa huzuni hata kidogo, ila kwa sababu mwili ulikuwa umerudi na kuniletea kitu kidogo hivyo, mate, na sikuwa nimewahi kumshukuru mtu yeyote kwa ajili yake.

Mama alikuwa kwenye kiti, hajalala. Nikamwambia, "Mama, sina kiu." Aliweka uso kwenye godoro langu akasema "Nyasae, Nyasae," akimwita Mungu wetu kwa jina la nyumbani, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza naye kusali bila kujua sababu.

Wageni wakaanza kumiminika. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na unajua wanachobeba. Mkate na soda. Akina mama wa kanisa walikuja kundi zima wakiwa na sare, wakaimba, wakaomba, wakapanga chupa chini ya kitanda changu. Wajomba wakaja, wakapanga. Muuguzi alipoinama kutafuta ndala zangu akakuta ghala. "Ninyi watu!" akasema, mikono kiunoni. "Mmekuja kumwona mgonjwa ama kumfungulia duka?" Wote wakacheka isipokuwa mama. Mama alizikusanya moja moja akazitoa nje, na tangu siku hiyo hakuweza kuitazama chupa ya soda bila uso kumkunjamana. Tata alisimama miguuni pa kitanda, akizifuata chupa kwa macho. Nilijua anachofikiri, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakifikiri: ile ya chungwa, ile safi, tuliyoipokea kila Sabato.

Nilipotoka hospitalini nilikaa Nyanchwa, mtaa wa kilimani pale Kisii, kwa shangazi Kerubo, dada yake Tata anayefanya kazi ofisini mjini, ili niwe karibu na kliniki. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nilijifunza kujichoma sindano tumboni, na kama unaiogopa nikwambie ukweli, inayouma ni ile ya kuwaza. Hiyo yenyewe ni kama kuumwa na siafu.

Kliniki ya sukari ndipo niliposhika adabu. Benchi ndefu, wazee watupu, fimbo, kofia, miguu iliyofungwa bandeji, na mimi katikati na sweta ya shule. Bibi mmoja kutoka Ogembo aliniuliza, "Mjukuu, umemleta nani?"

"Nimejileta, bibi."

Alinigeukia mwili mzima. "Sukari ni ya sisi wazee. Wewe umetuibia wapi?" Benchi yote ikacheka, nikacheka mpaka nikasahau zamu yangu. Kisha akachukua mkono wangu akauweka mapajani pake, akauacha hapo mpaka nikaitwa. Kila siku ya kliniki nilimtafuta kwa macho kwanza, kabla sijatafuta kiti.

Nyumbani kwa shangazi hakukuwa na raha sana. Shangazi alikuwa na friji kubwa, na hakuna mtu aliyetoka nyumbani mwake bila kufunguliwa soda. Alikufungulia mbele ya macho yako, puh, uone kizibo kikitoka, ujue hujawekewa kitu. Kwetu hilo ni jambo zito, maneno ya sumu huharibu ukoo. Basi siku ya kwanza akanifungulia moja. Nikamwambia sinywi.

"Moja tu, imeshafunguliwa."

"Daktari alikataa, shangazi."

"Kwani unadhani nimekuwekea nini?" Macho yake yalijaa machozi, mwanamke mkubwa vile. "Nimekupa kitanda, nimekupa nyumba, halafu unanikatalia kinywaji kama mchawi?"

Hatukuzungumza vizuri kwa muda. Alimpigia Tata simu, Tata akampigia mama, mama akalia, ikawa ugonjwa wangu una wagonjwa wengine. Sikumlaumu. Upendo wake ulikuwa na njia moja tu ya kupita, na mimi nimeiziba. Mpaka nilipomwomba aje nami kliniki. Aliketi kwenye ile benchi, akaona mguu wa mzee mmoja uliokatwa, akamsikiliza bibi wa Ogembo akisimulia macho yake yalivyozima. Tuliporudi alisimama mbele ya friji. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nikikupenda nitakupa nini?" Nikamwambia, "Nipe kampani tupande kilima."

Tukaanza kupanda Nyanchwa jioni, akitoka kazini, amevua viatu vya ofisi, amevaa raba. Mwanzo nilipumzika kila baada ya nyumba chache na bodaboda wakatuuliza kama tumeishiwa nauli. Mwezi ukaisha, nikafika juu bila kusimama. Na hapo juu, siku hiyo, nikaona. Nasema nikaona kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefunikwa na ukungu kwa muda mrefu hata nilifikiri ndivyo dunia ilivyo. Niliona mabati ya mji wa Kisii, kila bati na mistari yake. Niliona mgomba mbali kabisa na majani yaliyochanika. Nikaona ndege mdogo juu ya waya na mdomo wake. Nilimshika shangazi mkono nikamwonyesha vitu kimoja kimoja, mpaka akasema, "Huyu mtoto amekuwa kipofu wa Yeriko." Lakini naye alikuwa anafuta macho.

Ulimi ndio ulionishangaza zaidi. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Kwa miaka nilikuwa nimekula chakula kama kazi, nikisubiri kitamu kije kwenye chupa. Sasa, wiki kadhaa bila soda, shangazi akachemsha mahindi mabichi ya mvua ile, nikauma, nikaacha kutafuna. Yalikuwa matamu. Niliuliza kama ameweka kitu. Karoti zilikuwa tamu. Maziwa matupu yalikuwa matamu. Hata chinsaga, ile mboga chungu niliyokuwa namtupia mbwa, niliigundua ina ladha nyuma ya uchungu wake, ukiwa na subira. Utamu wote huo ulikuwepo, nikaufunika kwa kelele za soda. Nilikula ugali wa wimbi siku hiyo nikimsifu Mungu kama mtu aliyeokoka.

Msimu wa mvua ulipopungua, sindano zilipunguzwa, kisha daktari akaziondoa akaniachia vidonge, chakula cha kiasi na kilima. Akasema ninaweza kurudi shule. Kurudi shule! Ndilo jambo moja nililolitaka tangu niliposimuliwa nilivyoanguka. Darasa lilikuwa linaniacha. Moraa alikuwa akininakilia hesabu, lakini hesabu za kunakiliwa ni kama nguo za mitumba, kuna mahali hazikukai. Mtihani wa kitaifa ulikuwa mwaka unaofuata, na bila ule mtihani ningebaki nikichuma majani chai nisiyokunywa.

Madam Principal akakataa. Simchukii, nataka hilo lijulikane. Alituita ofisini, mimi, mama na Tata, akasema, "Hii ni shule, si hospitali. Nikimpoteza mtoto wa mtu nitamwambia nini mama yake? Mtafutieni shule ya kutwa karibu na nyumbani." Aliogopa. Lakini mimi nilihisi kufa mara ya pili, na hii ya pili niko macho. Alichotuachia ni kwamba, tukitaka, tuseme mbele ya mkutano wa wazazi.

Mama yangu si mtu wa mikutano. Kiswahili chake ni cha sokoni, na kanisani huketi nyuma. Siku hiyo, Tata alipojiandaa kusimama kama mzee wa kanisa, mama alimvuta koti akakaa, akasimama yeye. Nilitaka ardhi inimeze.

"Mimi Kiswahili yangu ni kidogo," akasema. "Huyu mtoto nilimnywesha kwa mkono huu. Ile ya zambarau na maziwa, ati iongeze damu. Nani hapa hajui hiyo ya damu? Ainue mkono."

Ukumbi mzima, hakuna mkono.

"Haya. Sasa shule inasema akae nyumbani. Nyumbani ndiko nilimpa. Hapa shuleni ndiko alinunua, na akipita hesabu mlimpa bure. Huko hospitali, kanisa ilimletea. Sasa niambieni, tumfiche wapi?" Sauti ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Sitafuti mwenye makosa. Nikitafuta nitaanza na mimi. Nataka mtoto wangu arudi darasani. Na nataka mfereji utoe maji."

Akakaa. Nilimtazama kama sijawahi kumwona. Mwanamke huyu, aliyekuwa akilala na lawama kama blanketi, ameitandika mbele ya watu wote. Baba mmoja akasimama nyuma, akakohoa, akasema mwanawe pia likizo alikunywa maji akamaliza mtungi. Mama mwingine akasema wake amekonda na amempa ile ile ya zambarau juzi. Wakasimama hivyo, mmoja mmoja, mpaka Madam Principal akavua miwani akaiweka mezani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na siku hiyo wazazi waliamua kutosubiri kilio.

Nilirudi muhula wa tatu. Kantini iliacha kuuza soda, ikaanza kuuza ndizi mbivu na mahindi ya kuchemsha, na wazazi wakachanga tangi jipya lenye bomba linalotoa maji unayoweza kuyaona mpaka chini ya kikombe. Zawadi ya hesabu ikawa kalamu. Unadhani nilipokewa kwa shangwe? Thubutu! "Umetuharibia maisha, manze," Moraa aliniambia kwa niaba ya shule nzima, kisha akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Wengine walininunia hadi mwezi wa pili wa muhula.

Kabla ya muhula kwisha, wauguzi walikuja kupima sukari wasichana ambao wazazi wao wamekubali. Mistari ilifika uwanjani. Niliombwa nikae kwenye meza, niwaonyeshe kwamba kidole kinatobolewa na mtu haanguki. Wengi walipita wakicheka. Kisha akaja msichana wa Kidato cha Kwanza, Bosibori, mwembamba, midomo imepasuka. Nilipoona midomo ile nilimvutia kiti. Muuguzi alisoma mashine, akairudia, akaniangalia.

Tulimpeleka kwenye chumba cha wagonjwa. Alikuwa bado anatembea. Anatembea, unasikia? Anaongea, anajua jina lake, hajaanguka gwarideni. Madam Principal alikuja mbio, chaki mkononi. Bosibori alimtazama, akaanza kulia kimya kimya, na akauliza lile swali ambalo mimi nililibeba miezi yote ile.

"Madam, mtanifukuza?"

Madam alipiga magoti kwenye sakafu ile, na sketi yake ya ofisi, akamshika mikono yote miwili.

"Utaenda hospitali sasa, mimi na wewe. Na ukitoka una somo langu la kemia. Nitakuwekea kiti mbele."